Vitamini K haikushindwa: jibu kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Swali lenyewe, kwa ufupi, ni hili: "Nina miaka mitatu kazini. Usiku mmoja mgonjwa wetu wa miaka 74, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu moyo wake hupiga ovyo, alianguka msalani. Alikuwa na uvimbe mdogo juu ya sikio, akasema hana shida, tukamrudisha kitandani. Baadaye, kama saa mbili hivi zikiwa zimepita, akaanza kutapika na kusinzia. INR, kile kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa 5.8. Daktari wa zamu akaagiza vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, nikampa. Baada ya saa moja tukapima tena: 5.6. Nikadhani dawa imeharibika, au nimekosea kuichanganya. Alipelekwa hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji, yuko hai. Je, vitamini K ilishindwa? Mimi nisiyeandika dawa ningefanya nini zaidi? Na zile tembe mpya zisizopimwa kwa INR, nazo hutenguliwa kwa vitamini K?"

Mwenzangu, dawa haikuharibika na wewe hukukosea. Mliporudia kipimo vitamini K ilikuwa tayari kazini, ila kazi yake haionekani ndani ya saa moja. Kuna kitu cha pili kilichopaswa kwenda nayo, na ukielewa kwa nini, maswali yako mengine yatakuwa mepesi.

Tuanze na jina, maana jina limetupotosha wengi. Warfarini na wenzake wagonjwa huziita dawa za kupunguza damu, au za kuifanya iwe nyepesi, nasi tumezoea kuitikia. Damu haipungui wala haiwi nyepesi. Warfarini haigusi hata tone la damu iliyomo mishipani. Inaenda kuvuruga kazi ya ini. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati yake, namba 2, 7, 9 na 10, haziwezi kukamilika bila vitamini K. Warfarini inazuia vitamini K iliyokwisha kutumika isirudishwe katika hali ya kutumika tena. Ini linaendelea kuzalisha, lakini linatoa protini ambazo haziwezi kushikana na madini ya kalsiamu, na zisiposhika kalsiamu hazigandishi kitu.

Kwa hiyo ulipompa miligramu 10 ulilipelekea ini malighafi. Bado ini lilikuwa na kazi ya kuunda protini mpya na kuzimwaga kwenye damu. Kwa njia ya mshipa, mabadiliko huanza kuonekana baada ya saa 4 hadi 6, na nguvu kamili huja kati ya saa 12 na 24. Kwa kumeza, hesabu siku nzima. Kushuka kutoka 5.8 hadi 5.6 baada ya saa moja ndiko hasa ningekotarajia. Mtu anayevuja damu ndani ya fuvu hana saa 6 za kusubiri.

Kitu cha pili ni protini zilizo tayari, zilizotoka kwa wachangia damu, ambazo zikiingia mshipani zinaanza kazi papo hapo. Iliyo bora ni ile dawa ya unga ambayo wodini huitwa kwa herufi zake tu, PCC. Ni protini zilezile nne zikiwa zimekolezwa, na hazihitaji kulinganishwa na kundi la damu la mgonjwa. Dozi hufuata INR na uzito: INR ikiwa kati ya 2 na 4, yuniti 25 kwa kila kilo, kati ya 4 na 6, yuniti 35, zaidi ya 6, yuniti 50, na mwenye uzito wa kupita kilo 100 huhesabiwa kama wa kilo 100. Tuseme mzee wako ana kilo 70. Kwa INR ya 5.8 angehitaji yuniti 2,450, kiasi cha maji kisichozidi sana mililita 100, na ndani ya robo saa hadi nusu saa yote yamo mwilini. Dakika 30 baada ya hapo unapima INR upya. Wengi hulenga chini ya 1.5, na damu ikiwa kichwani wapo wanaotaka ishuke hadi 1.3.

Pasipo na PCC, kinachobaki ni plazima, yaani majimaji ya damu ya wachangiaji yaliyohifadhiwa kwenye friji, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mpigie hesabu mzee wetu: mililita 700 hadi 1,050. Lita nzima kwa mtu wa miaka 74 mwenye moyo unaosumbua, tena baada ya kutafuta kundi lake la damu na kusubiri mifuko iyeyuke. Haikatazwi, na mahali pengi ndiyo iliyopo, lakini ukiitundika kaa karibu: hesabu pumzi, pima oksijeni, sikiliza mapafu, maana moyo unaweza kuzidiwa na maji kabla INR haijashuka. (Kiswahili chetu hapa kina mtego wake. "Plazima iliyoganda" ni ile ya kwenye friji. "Damu iliyoganda" ndiyo inayotuogopesha kwenye mguu. Niliwahi kusikia makabidhiano ya zamu yakivurugika kwa neno hilo moja. Siku hizi nasema "plazima ya friji" na hakuna anayeuliza tena.)

Usifikiri basi kwamba PCC ikipatikana vitamini K haina kazi. Protini namba 7 hupungua hadi nusu kwa saa 6 hivi tu, ilhali warfarini inabaki mwilini kwa siku kadhaa. Ukimpa PCC peke yake INR itapendeza jioni, na kesho asubuhi itakuwa imepanda tena na damu inavuja upya. PCC inaokoa saa za kwanza, vitamini K inashika zamu inayofuata. Mgonjwa anayevuja damu ya kuhatarisha maisha kwa warfarini anahitaji zote mbili, na zianze pamoja.

Namna ya kuichoma pia ina umuhimu. Vitamini K ya mshipani huchanganywa kwenye mililita 50 za maji ya dripu na kupitishwa taratibu, dakika 20 hadi 30 au zaidi. Ikisukumwa kwa haraka inaweza kuleta mzio mkali, mtu akazimia mkononi mwako. Kwenye msuli usiichome kabisa: utamwachia uvimbe wa damu, na isitoshe haisharabiwi kwa uhakika. Chini ya ngozi nako ni bahati nasibu.

Kinyume chake, usije ukakimbilia vitamini K kila uonapo namba kubwa. Mgonjwa asiyevuja damu popote mwenye INR kati ya 4.5 na 10 kwa kawaida husimamishiwa dozi moja au mbili na kupimwa tena. Ikipita 10 bila kuvuja damu, hupewa kidogo ya kumeza, miligramu 2.5 hadi 5. Sababu ni kwamba vitamini K nyingi huifanya warfarini igome kwa siku nyingi baadaye, na kwa mtu mwenye vali ya chuma moyoni hizo ni siku za hatari ya kweli.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, na hapa naomba uniwie radhi kwa kusema wazi. Saa iliyoniumiza kuliko zote katika maelezo yako siyo ile ya baada ya vitamini K. Ni zile mbili za mwanzo, alipokuwa na uvimbe juu ya sikio na mkamrudisha kitandani kwa sababu alisema hana shida. Mtu anayetumia dawa hizi akijigonga kichwa, maneno yake mwenyewe si kipimo. Damu inayovuja polepole chini ya mfupa humwacha akizungumza vizuri kabisa mpaka nafasi iishe. Aliyeanguka bila shahidi na anatumia warfarini, mhesabu kuwa amegonga kichwa. Daktari anaitwa wakati huohuo, dozi inayofuata inazuiwa, INR inachukuliwa bila kungoja dalili, picha ya kichwa inaombwa. Fahamu kwa kipimo cha Glasgow, mboni za macho na nguvu za mikono na miguu unazikagua kila nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa kwa saa 4, kisha kila baada ya saa 2. Hayo yote hayahitaji mamlaka ya kuandika dawa.

Dalili zikishaanza, anza na yale unayoyajua: njia ya hewa, pumzi, oksijeni, kichwa cha kitanda kiinuliwe, njia mbili za mshipa, damu ya kupima kundi, wingi wa damu, figo na INR. Palipo na jeraha la nje, kandamiza kwa mkono, tena kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Sindano za msuli ziwekwe kando. Mpime uzito au uutafute kwenye faili, maana karibu kila dozi niliyoitaja inaudai, na uzito wa kukisia mara nyingi huwa ni wa mtu mwingine.

Kisha yale maswali mawili yanayoamua kila kitu: ni dawa gani, na aliitumia lini mara ya mwisho? Yanaonekana mepesi. Niliwahi kumpokea mama aliyeandikiwa "anatumia dawa ya damu". Tulihangaika naye kwa dakika kumi nzima hadi binti yake alipofungua mkoba: zilikuwa tembe za madini ya chuma, za kuongeza damu. Kwa watu wetu "dawa ya damu" inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa ya presha, inaweza kuwa warfarini. Usiandike jina hadi uione pakiti yenyewe au cheti.

Na saa! Mgonjwa akikwambia "nilichoma saa mbili", anasema kwa saa zetu, yaani 2:00 ya Kiswahili, ambayo kwenye chati ya saa 24 ni 08:00 au 20:00. Nimeona chati zilizoandikwa 02:00 kwa maneno hayohayo. Hiyo ni tofauti ya saa 6, na hivi karibuni utaona kwamba saa 6 zinaweza kubadili dozi ya dawa ya kutengua kwa nusu nzima. Rudia kwa mgonjwa: saa mbili asubuhi au usiku? Kabla au baada ya chakula? Halafu andika kwa mtindo wa chati.

Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kwa nini saa ni dozi. Dawa yake ya kutengua ni protamini, iliyogunduliwa katika mbegu za kiume za samaki, na miligramu 1 hufuta takriban yuniti 100 za heparini. Lakini heparini ya mshipani hupungua hadi nusu kwa saa moja hadi moja na nusu, kwa hiyo haihesabiwi yote aliyopewa tangu asubuhi. Kwa aliye kwenye dripu huhesabiwa ya saa 2 hadi 3 za mwisho tu. Aliyepata yuniti 1,000 kwa saa moja, kwa mfano, hatapewa protamini ya yuniti 24,000 za siku nzima. Kikomo ni miligramu 50 kwa mara moja, na protamini ikizidi nayo huvuruga kuganda kwa damu, jambo ambalo wengi husahau. Ipitishwe pole kwa pole, isizidi miligramu 5 kwa dakika, huku ukiangalia presha na mapigo, kwa sababu presha inaweza kuporomoka ghafla. Muulize kama ana mzio wa samaki, na kama ni mgonjwa wa kisukari aliyewahi kutumia insulini ya NPH, ambayo ina protamini ndani yake: mwili unaweza kuwa umeshajifunza kuichukia.

Enoksaparini, jamaa ya heparini, ile ya kuchoma tumboni, hutenguliwa kwa sehemu tu. Ikiwa ilichomwa ndani ya saa 8 zilizopita, miligramu 1 ya protamini kwa kila miligramu 1. Kati ya saa 8 na 12, nusu yake. Zaidi ya hapo mara nyingi haihitajiki, isipokuwa figo zimelegea. Rudi sasa kwenye ile "saa mbili" iliyoandikwa vibaya.

Tembe mpya. Jibu fupi ni hapana: vitamini K haizitengui, kwa sababu hazigusi vitamini K. Dabigatrani hukamata protini namba 2 ikiwa imeshaamka, nazo rivaroksabani, apiksabani na edoksabani hukamata namba 10. Ini linazalisha kama kawaida; kinachotokea ni kwamba protini zikishafika kazini zinafungwa mikono. Ukimpa vitamini K hutamdhuru, ila utakuwa umepoteza muda na kujipa matumaini hewa. INR nayo isikudanganye. Mtu anaweza kuwa amejaa apiksabani na INR yake ikasoma karibu na kawaida. Ndiyo maana hapa jina la tembe na saa ya kumeza vina thamani kuliko karatasi ya maabara.

Dabigatrani ina dawa yake mahususi, idarusizumabu, iliyoidhinishwa 2015: gramu 5, chupa mbili za gramu 2.5, moja baada ya nyingine, na hufanya kazi kwa dakika. Pia dabigatrani hutoka kwa figo kwa kiasi kikubwa, takriban asilimia 80, kwa hiyo figo zikifeli hubaki mwilini muda mrefu, na mashine ya kusafisha damu inaweza kuitoa. Wenzake watatu hawatoki kwa mashine. Kwa rivaroksabani na apiksabani iliidhinishwa andeksaneti alfa mwaka 2018 nchini Marekani, lakini ilikuwa ghali mno, ikaacha kuuzwa huko mwishoni mwa 2025, na si ya kutegemea kuikuta kabatini. Tena mgonjwa aliyeipata anaweza kukataa kuitikia heparini baadaye, jambo ambalo chumba cha upasuaji wa moyo lazima kiambiwe. Katika hospitali nyingi kinachotumika kwa tembe hizi ni PCC ileile, mara nyingi dozi ya yuniti 2,000 au hesabu ya uzito. Haiondoi tembe mwilini. Inaongeza protini nyingi kiasi kwamba nyingine zinasalia bila kufungwa.

Na kama amezimeza ndani ya saa 2 hivi, yuko macho na anaweza kulinda njia yake ya hewa, mkaa wa dawa gramu 50 bado unaweza kuzuia sehemu isiingie. Hili ni jambo ambalo muuguzi anaweza kulikumbusha wakati kila mtu anatafuta dawa za bei kubwa. Uzuri mwingine wa tembe hizi ni kwamba figo zikiwa nzima, nyingi hupungua hadi nusu ndani ya saa 12 hivi. Kwa anayevuja kidogo, kusimamisha dozi na kumpa maji ndiyo tiba yenyewe.

Aspirini na klopidogreli nitazipitia haraka, maana hazina dawa ya kuzitengua. Zimeharibu chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, kwa maisha yote ya chembe hizo, siku 7 hadi 10. Zamani tulikimbilia kuongeza chembe sahani kwa kila aliyevuja damu kichwani huku akitumia aspirini. Utafiti uitwao PATCH, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba wagonjwa walioongezewa chembe sahani walifanya vibaya zaidi. Anayeenda moja kwa moja kufunguliwa fuvu ni habari nyingine, aamue daktari wa upasuaji.

Ukishatengua, usikae kitako. Mgonjwa alipewa warfarini kwa sababu damu yake ilikuwa tayari kuganda pasipotakiwa, na sababu hiyo haikufutwa na PCC. PCC yenyewe inaiongezea nguvu. Baada ya hapo macho yako yanageuka upande wa pili: mguu mmoja uliovimba, kifua kinachobana ghafla, mdomo uliopinda, mkono uliolegea. Kama aliwahi kupata madhara ya heparini ya kushusha chembe sahani, mwambie daktari kabla PCC haijafunguliwa, maana baadhi ya aina zina heparini kidogo ndani.

Uliuliza ungefanya nini zaidi. Simu kwa daktari ingeweza kwenda hivi: "Mzee wa miaka 74, kilo 70, warfarini, dozi ya mwisho jana saa mbili usiku, 20:00. Amegonga kichwa saa mbili zilizopita, sasa anatapika na Glasgow imeshuka kutoka 15 hadi 13. INR 5.8. Vitamini K naitayarisha. Niombe PCC au plazima, na rufaa tuiite sasa hivi?" Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Hukuandika dawa, lakini umemfanya daktari ajibu kuhusu kitu cha pili, na gari la wagonjwa limeitwa kabla ya kusubiri kipimo ambacho kisingeshuka.

Bado kuna jambo moja la kufuatilia akirudi kwenu: hiyo 5.8 ilitoka wapi? Pekua faili la wiki mbili za nyuma. Mara nyingi utakuta metronidazoli, kotrimoksazoli au flukonazoli iliyoongezwa kwa ajili ya maambukizi madogo, na hakuna aliyepunguza warfarini wala kurudisha kipimo mapema. Ukiikuta, iandike kwa wino unaoonekana, kabla mtu hajamrudishia dozi ileile ya zamani.